Saa ya kabati ya mawe imegoma baada ya kuhamia Dar, naomba msaada kwa wanaozijua

Mleta uzi, Upanga

Habari zenu wakuu. Nahitaji msaada wa mtu anayezifahamu hizi saa ndefu za kabati, zile za kusimama sakafuni, zenye mawe matatu yanayoning'inia ndani na pendulamu kubwa. Ilikuwa ya marehemu babu. Miaka yote ilikaa sebuleni kwake Tanga na ilikuwa inapiga wimbo kila robo saa. Familia imeamua nikae nayo mimi, ikaletwa na Fuso pamoja na vitu vingine.

Nimeiweka ghorofa ya pili, nikatia ufunguo matundu yote matatu, nikasukuma pendulamu. Inakwenda dakika kama kumi, inasimama. Ukisukuma tena, hivyo hivyo. Fundi wa kwanza niliyempigia ameniambia mtambo umekufa, auvue aniwekee mashine ya betri. Wa pili hajaiona hata kwa picha, anasema nipulizie mafuta ya kufungulia nati. Roho inasita kwa yote mawili. Nianzie wapi?

Mdau, Chang'ombe

Mkuu, usiruhusu mtu auvue huo mtambo. Nasema kwa mkazo kwa sababu hapa mjini nimeshaona makabati yenye uso mzuri wa shaba ambayo ndani yana kimashine cha plastiki, na mtambo wa asili umeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukishaondoka haurudi. Na hiyo chupa ya kupuliza iache dukani, nitakueleza sababu baadaye. Saa iliyokuwa inagonga vizuri Tanga haikufa barabarani. Imesafiri, na saa ya pendulamu ikisafiri lazima ikalishwe upya.

Elewa kwanza inavyokwenda ndipo utajua pa kugusa. Jiwe linashuka polepole kwa uzito wake na kuzungusha gia. Gia ya mwisho ina meno yaliyochongoka, na meno hayo yanazuiliwa na kipande chenye umbo la nanga. Pendulamu ikienda kulia nanga inaachia jino moja, ikirudi kushoto inaachia jingine, na kila jino linapopita linaipa pendulamu msukumo mdogo ili isichoke. Msukumo huo ni mdogo mno. Ndiyo maana mtambo wenye mawe ya kilo kadhaa unaweza kusimamishwa na mshale unaogusa kioo.

Kwenda dakika kumi kisha kusimama, mara nyingi ni mapigo hayalingani. Zima feni, zima tivii, sogeza sikio. Saa iliyokaa sawa inasema tik, tak, tik, tak, nafasi ni ileile. Iliyokaa vibaya inasema tik-tak, kimya, tik-tak, kimya, kama mtu anayechechemea. Upande mmoja pendulamu inafika mbali kabla jino halijaachiwa, upande mwingine inaachia mapema, kwa hiyo msukumo unapungua hadi inakata pumzi.

Watu hukimbilia pima maji. Itumie, hasa kuhakikisha kabati haijaegemea mbele wala nyuma. Lakini mwamuzi wa kushoto na kulia ni sikio, kwa sababu mtambo unaweza kuwa umekaa upande kidogo ndani ya kabati lililonyooka kabisa. Kunja kipande cha boksi, kiweke chini ya miguu ya upande mmoja, usikilize. Kuchechemea kukizidi, kihamishie upande wa pili. Ongeza au punguza kidogo kidogo hadi mapigo yalingane, kisha badala ya boksi weka kipande cha mbao kigumu chenye unene uleule, maana boksi litabonyea.

Ila kabla ya yote hayo tazama mawe. Matatu yanafanana kwa macho lakini uzito si mmoja, na wabebaji huyachanganya. Yageuze uangalie chini, mara nyingi pamegongwa herufi L, C na R: L ni la kushoto, C la katikati, R la kulia, wewe ukiwa umeitazama saa. La katikati ndilo linaloendesha mishale, la kushoto linagonga idadi ya saa, la kulia linapiga ule wimbo na kwa kawaida ndilo zito zaidi. Ukiweka jepesi upande wa wimbo, wimbo utaburuzika au utakwama katikati. Yashike kwa kitambaa, jasho la mikono huacha alama kwenye shaba.

Tuma majibu: mawe yalikuwaje, waya za mawe zimejipanga vizuri kwenye ngoma zinazozungushiwa au zimepandana, na pendulamu ikibembea inakwenda mstari mmoja au inayumba mbele na nyuma pia.

Mdau, Mbagala

Nafuatilia. Mkuu wa Chang'ombe, mimi ya kwangu nilishaipulizia hayo mafuta mwaka jana na ilifufuka palepale. Kwa nini unayakataa? Na kama si hayo, ya cherehani je?

Mdau, Chang'ombe

Itafufuka, ndiyo. Yale mafuta yanalainisha uchafu uliokauka, kwa hiyo kwa muda gia zinapata nafuu. Sehemu yake kubwa ni kiyeyusho kinachopaa. Kinapopaa kinaacha utando, na uchafu uliokuwa pembeni umeshasambazwa hadi ndani ya matundu ambamo ncha za mihimili zinazungukia. Vumbi la kwetu likinasa kwenye utando huo linakuwa msasa. Ncha ni ya chuma, tundu ni la shaba, na taratibu tundu linaacha kuwa duara, linakuwa yai. Likishafika hapo hakuna mafuta ya kukusaidia, linatakiwa kutiwa bushi mpya.

Ya cherehani si mabaya kama hayo, lakini ni mepesi na hutambaa, hayakai mahali ulipoyaweka. Ya nazi na ya kupikia usiyafikirie, yanaganda. Yapo mafuta maalumu ya saa, chupa ndogo tu, na hiyo itakukalisha miaka. Tone dogo kwenye kijibakuli kilichochongwa kuzunguka kila tundu, kiasi cha ncha ya sindano, basi. Tone likichuruzika kwenye bamba umezidisha, na litavuta na yale yaliyobaki ndani. Meno ya gia hayapakwi mafuta hata kidogo. Minyororo hapana. Springi ya kuning'inizia pendulamu hapana.

Kwa yako iliyokwisha kupuliziwa, mkuu, hata kama inakwenda leo, itafutie mtu aifungue yote na kuiosha. Kuitumbukiza nzima kwenye petroli si kuiosha, uchafu uliopo ndani ya matundu unabaki palepale. Na isipokwenda, usiongeze uzito kwenye jiwe ili kuilazimisha. Itakwenda, huku inajila.

Mleta uzi, Upanga

Mkuu, Mungu akubariki. Mawe yalikuwa yamechanganywa kweli: lenye R lilikuwa katikati na lenye C kulia. Waya ziko sawa. Pendulamu inakwenda mstari mmoja. Mapigo yalikuwa yanachechemea vibaya sana, hata mke wangu ambaye hana habari na saa aliyasikia nilipomwonyesha. Nimeweka vipande chini ya upande wa kushoto hadi yakalingana. Nyuma ya mtambo nimeona jina Kieninger. Tangu jana jioni inakwenda na imepiga wimbo usiku kucha. Mama amenipigia kutoka Tanga nikamsikilizisha kwenye simu.

Mdau, Chang'ombe

Safi sana. Na kwa wengine wenye mitambo ya Kijerumani ya miaka ya karibuni, Hermle au Kieninger: mingi inajilinganisha yenyewe. Kabati likishasimama wima, vuta pendulamu upande mmoja hadi ikaribie ubavu wa kabati, iachie. Mwanzoni itasikika vibaya, lakini kadiri mbembeo unavyopungua nanga inajikalisha. Ukiona haijikalishi, rudi kwenye vipande vya mbao.

Mleta uzi, waambie watu wa nyumbani jambo moja: asiyejua asiisogeze. Siku ya kupiga deki mtu anaisukuma kidogo apitishe tambara, miguu inashuka kwenye vile vipande, na kesho yake mnatafuta mchawi.

Mdau, Mikocheni

Naomba niulize humu humu. Ya kwangu haisimami. Ndugu yangu aliniletea kutoka London, iliuzwa na muuza saa za zamani ambaye alikuwa ameshairekebisha, na karatasi yake inasema inakwenda sawasawa. Hapa inachelewa dakika mbili na kitu kila siku. Nimeibiwa?

Mdau, Chang'ombe

Hujaibiwa, na swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye uzi huu.

Kasi ya pendulamu inategemea vitu viwili: urefu wake na mvutano wa dunia. Mvutano haulingani kila mahali. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta na inazunguka, kwa hiyo huku kwetu kitu kinavutwa kwa nguvu ndogo kuliko Ulaya. London ni takriban mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde, Dar ni takriban 9.78. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukiipigia hesabu kwa sekunde 86,400 za siku nzima, pendulamu iliyorekebishwa London inachelewa hapa kama dakika mbili na robo. Ndiyo hizo zako.

Aliyeliona hili kwa mara ya kwanza alikuwa Mfaransa, Jean Richer. Mwaka 1672 alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, kupima nyota. Saa yake iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku, akalazimika kuifupisha pendulamu. Saa ya pendulamu yenyewe ilikuwa changa bado, Christiaan Huygens aliibuni mwaka 1656. Cayenne iko nyuzi 5 hivi kaskazini mwa ikweta, sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini, kwa hiyo unachokiona Mikocheni ni kilekile alichokiona yeye. Wakati ule baadhi ya wakubwa wa sayansi walidhani ni joto tu limerefusha chuma. Newton akalitumia kuonyesha kwamba dunia si duara kamili.

Joto nalo lina sehemu yake, ila ndogo. Kwa pendulamu yenye fito ya chuma, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka inaichelewesha saa kama nusu sekunde kwa siku. Sebule yenye nyuzi kumi zaidi ya ile ya London ni sekunde tano hivi.

Dawa ni nati iliyo chini ya lile sahani la pendulamu. Kuipandisha ni kufupisha, saa inaongeza mwendo. Kwa pendulamu inayopiga sekunde moja kila upande, ambayo urefu wake ni kama sentimita 99.4, milimita moja ni sawa na sekunde 43 hivi kwa siku. Wewe unahitaji kupandisha kama milimita tatu. Shika sahani kwa mkono mmoja wakati unazungusha nati kwa mwingine, usije ukaisokota ile springi nyembamba ya juu. Ikishapata mkunjo, pendulamu itaanza kuyumba na saa itasimama, na hapo huna budi kuagiza nyingine ya kipimo kilekile.

Ukisharekebisha, subiri siku nzima kabla ya kugusa tena, ulinganishe na saa ya simu.

Mdau, Kigamboni

Wakuu, na mimi. Ya kwangu ni ya zamani sana, ya Kiingereza, ina mawe mawili. Inakwenda vizuri kabisa lakini inasimama kila mara kati ya saa sita na saa saba. Mchana au usiku, lakini ni hapo hapo tu. Fundi amesafisha, haikusaidia.

Mdau, Chang'ombe

Saa inayosimama wakati uleule kila mara inakuambia kitu, na ningependa kila mwenye saa aandike pembeni kwenye karatasi imesimama ikionyesha ngapi. Ikisimama ovyo ovyo, tafuta mapigo, uchafu au kabati linalocheza. Ikisimama kwenye dakika ileile, tafuta mishale inayogusana au kugusa kioo. Ikisimama kabla kidogo ya robo au ya saa kamili, ni pale mtambo unaponyanyua makono ya kugongea, pengine mafuta yameganda humo.

Yako ina sababu yake maalumu. Naomba unijibu: unatia ufunguo matundu yote mawili?

Mdau, Kigamboni

Hapana. Natia moja tu la upande wa saa. La kugonga tuliliacha kwa sababu mtoto mdogo alikuwa anashtuka usiku.

Mdau, Chang'ombe

Basi umepata jibu. Nyuma ya uso wa saa kuna kipande cha mviringo chenye ngazi 12, kinazunguka pamoja na mshale mfupi. Kila saa inapotimia, mkono wenye meno unaanguka na mkia wake unatua kwenye ngazi, kina cha ngazi ndicho kinachoiambia saa igonge mara ngapi. Ikimaliza kugonga, mkono unakuwa umerudishwa juu. Sasa kwako upande wa kugonga hauna nguvu, mkono unaanguka na hakuna wa kuuinua. Unaburuzika juu ya ngazi zinazoshuka hadi ya 12, yaani saa sita, ambayo ndiyo ya ndani kabisa. Baada ya hapo ngazi inapanda ghafla kurudi ya kwanza, mkia unagonga ukuta, saa nzima inakwama. Baadhi ya mafundi wa zamani walitengeneza mkia unaopinda ili kuepuka hili, yako inaonekana haina.

Usiulazimishe mshale kwa kidole upite hapo, utavunja kitu. Usiurudishe nyuma pia. Tia ufunguo tundu la kugonga, uache igonge yote iliyokuwa inadaiwa. Kama ni kelele ndiyo inayowasumbua, fundi anaweza kukizuia kinyundo kisifike kwenye kengele huku mtambo ukiendelea na kazi yake kimya. Mtoto atalala na saa itakwenda.

Mleta uzi, Upanga

Mkuu, nimerudi. Saa ilikwenda vizuri, tukafurahi, siku ya sita ikasimama. Mawe yalikuwa yameshuka zaidi ya nusu. Nikatia ufunguo, ikaenda tena bila shida. Wiki iliyofuata, siku ya sita tena. Mapigo bado yamelingana, nimesikiliza.

Mdau, Chang'ombe

Hii nilikuwa naingojea, kwa sababu uko ghorofani na naamini sakafu ni vigae.

Chochote kinachoning'inia kina mwendo wake wa kubembea, na mwendo huo unategemea urefu. Mawe yakiwa juu waya ni fupi, hayana habari na pendulamu. Yanaposhuka, kuna siku urefu wake unakaribiana na wa pendulamu. Kabati lisiloshikwa ukutani hutikisika kidogo mno kila pendulamu inapopita, jicho halioni, lakini mtikisiko huo unafika kwenye mawe na yenyewe yanaanza kubembea kwa mdundo uleule. Nguvu yanayobembelea yanaichukua kwa pendulamu. Ndiyo sababu kwa saa za siku nane, zinazotiwa ufunguo mara moja kwa wiki, kusimama huku huja siku ya tano, ya sita, hata ya saba, kisha ukitia ufunguo linaisha.

Hakikisha mwenyewe. Siku ya tano usiku washa tochi, tazama mawe kupitia kioo bila kufungua mlango. Ukiyaona yanacheza hata upana wa unyasi, ni hilo.

Dawa ni kulifunga kabati ukutani. Skrubu mbili zipite ubao wa nyuma, moja kila upande wa juu, na kati ya kabati na ukuta weka kipande cha mbao chenye unene wa ubao wa chini wa ukuta ili usiuvute mgongo wa saa. Usikaze hadi kabati lipinde. Ukimaliza sikiliza mapigo upya, maana kufunga kunaweza kuyageuza. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, isogeze kutoka katikati ya sakafu uiweke karibu na nguzo au kona ambako sakafu haichezi, na miguu yote minne ikandamize sawasawa. Inasaidia, ingawa si kama skrubu.

Mleta uzi, Upanga

Yanacheza, mkuu. Nimeyaona kwa macho yangu, la kulia zaidi. Mwenye nyumba amekubali nitoboe. Swali la mwisho: nikija kuhitaji fundi wa kuifanyia usafi, nitamjuaje anayejua? Na hewa ya bahari ina madhara?

Mdau, Chang'ombe

Hewa ya bahari ina madhara hasa kwenye chuma: ncha za mihimili, ile springi ya pendulamu, waya. Ukiona kutu ya rangi ya chai kwenye waya, badilisha zote tatu kwa pamoja kabla jiwe halijaanguka na kupasua sakafu ya kabati. Usiiweke chini ya kiyoyozi, na masika fungua mlango wa nyuma mara kwa mara uangalie ukungu na mchwa.

Fundi mpime kwa maswali. Muulize atafanya nini kwanza akifika. Anayejua atakuambia kwanza anavua pendulamu na mawe, na atataja atakavyozizuia waya zisilegee kwenye ngoma. Muulize kama ataifungua yote au ataiosha nzima. Muulize akikuta tundu limekuwa yai atafanya nini. Akijibu ataliminya kwa patasi, mshukuru umuage. Akisema atatia bushi, kaa naye. Pale Kariakoo na mitaa ya katikati ya mji wapo wazee wachache waliofundishwa kazi hii, wengi sasa wanabadilisha betri tu kwa sababu hakuna anayewapelekea saa za mawe. Ukimpata mmoja, mwulize pia kama ana kijana anayemfundisha.

Na kabla hujafunga ukutani, piga picha bamba la nyuma la mtambo, zile namba zilizogongwa chini ya jina zionekane, uziweke hapa. Kwa namba hizo ndizo utakazoagizia springi ya pendulamu na waya za kipimo sahihi, na ni vyema uwe nazo ndani ya kabati kabla hazijahitajika.